Mahali Aliposimama Mchoraji

Picha ya vita ina uwezo ambao kitabu cha vita hakina. Kitabu hutaka mtu ajuaye kusoma, mwenye saa ya kukaa na subira ya kuendelea. Picha haitaki ila macho. Mtu hupita mbele yake, akaitupia jicho mara moja, kisha akaenda zake na habari nzima kichwani: huyu ndiye shujaa, yule ndiye adui, na hivi ndivyo mambo yalivyokuwa. Hajui kwamba ameambiwa neno, maana hakusikia sauti ya msemaji. Kwa sababu hiyo picha ya vita yataka kuchunguzwa kwa uangalifu kuliko hata kitabu, na kijana aliye shuleni yafaa ajifunze uchunguzi huo mapema.

Kwa somo hili, msomaji, nimechagua picha ambazo wachoraji wa Ulaya walizichora juu ya vita vya Waingereza na Wazulu vya mwaka 1879. Nimezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, zimechorwa kwa ustadi mkubwa, hata haiwezekani kuzidharau. Pili, habari za vita vile zimehifadhiwa kwa vinywa vya pande zote mbili, kwa hiyo twaweza kuipima picha kwa habari kama fundi apimavyo ukuta kwa timazi. Nitakuomba uwe na swali moja tu mkononi kila tutakapofika mbele ya picha: mchoraji alisimama wapi? Sisemi miguu yake ilikuwa wapi, maana wengi wao hawakukanyaga uwanja wa vita hata siku moja. Nauliza jicho lake lilikaa upande gani, na moyo wake ulikaa upande gani. Na utaona kwamba hivi viwili havikai pamoja siku zote.

Yatupasa kwanza kujua vita vilianzaje. Nchi ya Wazulu ilikuwa kaskazini ya mto Thukela, nayo ilitawaliwa na mfalme Cetshwayo, mwana wa Mpande. Ng'ambo ya mto ilikuwa Natal, nchi iliyokwisha shikwa na Waingereza. Tarehe 11 Desemba 1878 wajumbe wa mfalme waliitwa mtoni wakasomewa masharti ya Sir Bartle Frere, Kamishna Mkuu wa Uingereza katika Afrika ya Kusini. Sharti moja lilikuwa kwamba mfalme avunje mpango wote wa jeshi lake. Hakuweza kulikubali bila ya kuacha kuwa mfalme, na tarehe 11 Januari 1879 majeshi ya Waingereza yakavuka mpaka.

Jina la Frere si geni kwetu. Ndiye aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshurutisha Sultani Barghash aipige marufuku biashara ya watumwa baharini, na kijiji cha watumwa walioachwa huru kule Kisauni, Mombasa, kiliitwa Frere Town kwa heshima yake. Mtu huyo huyo aliyekumbukwa pwani yetu kwa kufungua minyororo, anakumbukwa kusini kwa kuwasha vita. Aliyemtazama kutoka Mombasa alimwona mtu mmoja, na aliyemtazama kutoka Ulundi alimwona mwingine. Liweke jambo hili moyoni, kwa kuwa ndilo litakalotuongoza katika picha zenyewe.

Tarehe 22 Januari majeshi yalikutana chini ya mlima Isandlwana. Wazulu walikuwa kiasi cha 20,000, nao waliongozwa na Ntshingwayo kaMahole, mzee wa umri upatao miaka sabini, ambaye alisafiri kwa miguu pamoja na askari wake. Walijificha katika bonde la Ngwebeni, na jemadari wa Waingereza, Lord Chelmsford, hakujua. Alfajiri ile ile aligawa jeshi lake, akaondoka na zaidi ya nusu kwenda kuwatafuta Wazulu mahali wasipokuwapo. Ndipo walipoishukia kambi iliyobaki kwa mtindo wao wa pembe za ng'ombe: kifua kikapiga mbele, pembe mbili zikazunguka huku na huku, na kiuno kikangoja nyuma. Msomaji aliyesoma habari za Wangoni wa Songea atautambua mtindo huo, kwa maana wazee wao walitoka nao huko kusini. Jioni ilipoingia, zaidi ya watu 1,300 wa upande wa Waingereza walikuwa wamekufa, wazungu na Waafrika waliokuwa pamoja nao. Wazulu nao walipoteza watu wasiopungua elfu moja.

Siku ile ile, ng'ambo ya mto Mzinyathi, sehemu ya jeshi la Wazulu iliyokuwa imewekwa nyuma iliendelea mpaka kituo cha misheni kiitwacho Rorke's Drift. Mfalme alikuwa amekataza jeshi lake kuvuka mpaka, lakini ndugu yake Dabulamanzi alivuka. Ndani ya kituo walikuwamo watu kiasi cha 150, wengine wagonjwa, wakajijengea ukuta wa magunia ya mahindi na masanduku ya biskuti. Wazulu 3,000 au 4,000 waliwashambulia tangu alasiri hata usiku wa manane, wasiweze kuwashinda. Waingereza 17 walikufa. Maiti za Wazulu zilizohesabiwa zilipita 350, na majeruhi wengi wa Kizulu waliuawa baada ya mapigano kwisha.

Habari hizi zilifika London tarehe 11 Februari. Jaribu, msomaji, kuwaza fadhaa ya mji ule. Taifa lililokuwa na bunduki bora kuliko zote limevunjwa na watu wa mikuki! Palitakiwa dawa ya aibu, na dawa ilipatikana katika Rorke's Drift. Nishani 11 za Victoria Cross zilitolewa kwa watetezi wa kituo kile, na wachoraji wakashika brashi. Kwa hiyo mapigano madogo ya siku ile yakapata picha kubwa upesi. Mapigano makubwa yalingoja.

Picha ya kwanza tutakayoitazama ni ya Mfaransa Alphonse de Neuville, aliyoimaliza mwaka 1880, nayo ilinunuliwa ikapelekwa katika nyumba ya sanaa ya Sydney, nchini Australia. De Neuville alipata kuwa askari katika vita vya Ufaransa na Ujerumani vya mwaka 1870, na aliijua harufu ya baruti, lakini hakufika Afrika ya Kusini. Ametuonyesha ua wa kituo cha Rorke's Drift. Paa la hospitali linawaka moto, wagonjwa wanatolewa, daktari anamhudumia majeruhi, kasisi anagawa risasi, na ukutani askari wanapiga bunduki. Mambo yaliyotokea saa mbalimbali ameyakusanya mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wala si kosa. Mchoraji hana kurasa nyingi, ana kitambaa kimoja tu, na lazima akitumie kwa akili. Kazi yake ni ya fundi. Jicho huchukuliwa kutoka moto hata ukutani, kutoka ukutani hata kwa majeruhi, lisichoke.

Picha ya pili ni ya mwanamke, Elizabeth Thompson, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lady Butler. Malkia Victoria ndiye aliyemwagiza, na picha iko katika hazina ya wafalme wa Uingereza hata leo. Bibi huyu hakupata kuona vita, lakini alikuwa mtu wa bidii katika kutafuta hakika. Kikosi cha 24 kiliporudi Uingereza alikwenda Portsmouth, na askari wenyewe waliopigana wakamwigizia mapigano yao, wakiwa wamevaa nguo zile zile. Akawachora kwa sura zao. Kwa hiyo nyuso zilizomo katika picha ile si za kubuni. Ni nyuso za watu waliokuwapo.

Sasa turudi kwenye swali letu. De Neuville alisimama wapi? Alisimama ndani ya ua. Lady Butler alisimama wapi? Alisimama nyuma ya magunia ya mahindi, karibu ya kutosha kuyagusa. Nasi tunaotazama tumewekwa papo hapo. Tunajikinga kwa ukuta ule ule, tunaogopa giza lile lile lililo ng'ambo, na mtu akiinua kichwa upande wa pili twataka aanguke. Mchoraji hakutuuliza kama tunapenda kukaa upande huo. Ametutia ndani akafunga mlango.

Huwapa wanafunzi wangu zoezi moja, nawe waweza kulifanya. Hesabu nyuso. Chukua nakala ya picha yoyote kati ya hizi mbili, uhesabu nyuso unazoweza kuziona vema, kiasi cha kumtambua mwenyewe kama ungekutana naye njiani. Utapata Waingereza wengi: huyu mzee, huyu kijana, huyu ana hofu, huyu ana hasira, huyu anaumwa. Kisha watafute Wazulu. Utaona ngao, mkono, kichwa kinachochungulia, kivuli. Waliokuwa zaidi ya 3,000 wamesukumwa hata pembeni, na waliokuwa 150 wamejaza picha. Wengi wa Wazulu waliopigana pale walikuwa watu wazima wenye wake na watoto, waliokimbia mwendo mrefu siku ile na kuvuka mto. Kila mmoja alikuwa na jina na sababu ya kuja. Katika picha wao ni kama mafuriko au moto wa nyika: msiba usio na uso. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini hapa pana ajabu kubwa zaidi, kwamba mtu aliyekuwapo, akafa hapo hapo, lake halipo.

Yamkini utasema, msomaji, kwamba Lady Butler hakuweza kufanya vingine, maana askari wa Kikosi cha 24 walikuja kumwigizia, na Wazulu hawakuja. Nakubali, na udhuru huo ni wa haki. Walakini udhuru huo wenyewe ndio ushahidi wangu. Uangalifu wake mkubwa ulikuwa wa upande mmoja. Mtu aweza kuwa mkweli katika kila kifungo cha koti na bado picha yake nzima ikaegemea, kwa sababu ukweli wa vifungo haufanyi ukweli wa vita. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ijapokuwa ni fundi na mikono yake ni safi.

Picha ya tatu ina fumbo. Charles Edwin Fripp alikuwa mchoraji wa gazeti la The Graphic, akapelekwa Afrika ya Kusini mwaka 1879, akafika baada ya Isandlwana. Tofauti na wale wawili, aliiona nchi, majani yake na mwanga wake, na aliwaona Wazulu wakipigana. Mwaka 1885 alionyesha katika Royal Academy ya London picha kubwa ya Isandlwana, ambayo sasa imo katika Jumba la Makumbusho la Jeshi huko London. Katikati pamesimama kundi dogo la askari wa koti jekundu waliobaki, migongo yao imeelekeana. Sajini mwenye ndevu amesimama imara, na karibu naye yupo mvulana mpiga ngoma. Wazulu wamewazunguka pande zote, na mlima unatazama.

Fripp alisimama wapi? Ukitazama kwa makini utaona kwamba hakusimama pamoja na wale waliozungukwa. Amesimama nje ya kundi lao, upande wanakotoka Wazulu. Wengi wa Wazulu walio mbele twawaona migongo na mbavu, kama mtu aonavyo migongo ya wenzake anapokwenda pamoja nao. Je, moyo wake nao ulikuwa huko? Hasha. Alikwenda upande wa Wazulu apate kuziona vizuri nyuso za Waingereza. Ukisimama nyuma ya Mzulu, uso utakaouona ni wa yule anayepigana naye. Jicho la Fripp liko kwa Wazulu, na moyo wake uko kwa sajini. Ndiyo maana nilikwambia hapo mwanzo kwamba viwili hivi havikai pamoja siku zote.

Hata hivyo nitamtetea Fripp. Picha yake ni bora kuliko zile mbili kwa jambo moja: amewapa Wazulu miili. Mzulu wake si kivuli. Ana misuli, ana mwendo, ana uzito, na anaijua kazi yake. Tena kundi dogo la askari waliopigana mgongo kwa mgongo si uongo, kwa maana Wazulu wenyewe walipoulizwa baadaye walisema kwamba wale wa koti jekundu walikufa namna hiyo, na wakausifu ushujaa wao. Adui anayesifiwa na adui wake amesifiwa kweli. Fripp amesema kweli kuhusu dakika ya mwisho. Ila dakika ya mwisho si vita vyote. Aitazamaye picha yake huondoka akiwaza habari ya wachache waliozidiwa na wengi. Haoni kwamba asubuhi ile mzee wa miaka sabini alimzidi akili Lord Chelmsford, akaficha watu 20,000 bondeni na kuzifumba pembe mbili kwa wakati wake. Ufundi huo wa vita haumo, na bila ya ufundi huo ushindi wa Wazulu huonekana kama bahati tu ya wingi wao.

Mpaka hapa tumetazama askari wa miguu. Tuwatazame sasa askari wa farasi, ambao wachoraji wa vita waliwapenda kuliko wote. Farasi hujaza picha vizuri: ana shingo ya upinde, manyoya yanayopepea, vumbi chini ya kwato. Kwa wapanda farasi, siku iliyopendwa ni tarehe 4 Julai 1879, vita vya Ulundi. Waingereza na Waafrika waliokuwa pamoja nao, wapatao 5,000, walijipanga mraba, wakiwa na mizinga na bunduki za Gatling zinazopiga risasi mfululizo kwa kuzungushwa mkono. Wazulu walishambulia katika uwanda wazi, wakaanguka kabla ya kuufikia mraba. Walipoanza kurudi nyuma, Kikosi cha 17 cha askari wa farasi wenye mikuki mirefu kilifunguliwa njia, kikawaandama. Mambo yote yalichukua muda usiofika saa moja. Waingereza waliouawa hawakufika 20. Wazulu walizidi elfu moja.

Magazeti ya London yaliyojaa picha, kama The Illustrated London News na The Graphic, yaliwapa wasomaji wao mapigano ya vita vile, na mbio za farasi hawa hazikuachwa. Ni vema ujue jinsi picha hizo zilivyotengenezwa. Mchoraji aliyekuwa vitani aliandika mistari michache kwa penseli, akaipeleka kwa meli, safari ya majuma kadhaa. Huko London mchoraji mwingine, ambaye hakuwapo, aliikamilisha. Kisha mafundi wakaichonga juu ya ubao ipigwe chapa, na ubao mmoja mara nyingi uligawanywa vipande, kila fundi akachonga chake. Kwa hiyo uso wa Mzulu ulipita mikononi mwa watu ambao hawakupata kumwona Mzulu, na kila mmoja aliongeza alichokuwa nacho kichwani. Ndiyo sababu katika michoro ya namna hii wapiganaji huvishwa manyoya na mapambo mengi ambayo yalikuwa ya siku za sherehe, ilhali mwaka ule waliyaacha mengi nyumbani ili wawe wepesi. Na bunduki huonekana kwa nadra mikononi mwao, ingawa Wazulu walikuwa na bunduki kwa maelfu, nyingi zikiwa kuukuu.

Nikupe mfano mwingine wa jinsi jicho linavyoweza kudanganyika. Kwa mamia ya miaka wachoraji wa Ulaya walimchora farasi anayekimbia akiwa ametanua miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, yote minne hewani, kama mnyama arukaye mfereji. Mwaka 1878, mwaka mmoja kabla ya vita hivi, mpiga picha Eadweard Muybridge aliweka kamera nyingi mfululizo huko California, akathibitisha kwamba farasi hakimbii hivyo. Miguu yote ikiwa hewani huwa imekunjwa chini ya tumbo. Tafakari, msomaji. Farasi walikuwa njiani kila siku, na wachoraji waliwatazama tangu utotoni, nao walikosea kwa sababu kila mmoja alichora kama alivyomwona mwenzake akichora. Ikiwa walikosea miguu ya farasi wao wenyewe, je, ni ajabu wakikosea moyo wa mtu wa nchi ya mbali ambaye hawakupata kuzungumza naye?

Tena tazama silaha zenyewe. Kikosi cha 17 kilikuwa na mikuki, na Wazulu walikuwa na mikuki. Chuma ni chuma, na mti ni mti. Lakini mkuki ulio mkononi mwa mpanda farasi huchorwa umenyoka, safi, kama mstari wa hesabu, na mtazamaji huuona ni uungwana. Mkuki ulio mkononi mwa Mzulu huchorwa umeinuliwa juu ya mtu aliyeanguka, na mtazamaji huuona ni unyama. Yule wa kwanza anamchoma mtu anayerudi nyuma. Yule wa pili anailinda nchi yake. Sisemi hivi ili kuwatukana askari wa farasi, ambao walifanya walivyoamriwa. Nasema ili ujue kwamba brashi yaweza kutoa hukumu bila ya kuita mashahidi.

Kuna wapanda farasi wengine ambao huwakosi katika habari za vita, lakini utawatafuta bure katika picha hizi mashuhuri. Siku ya Isandlwana kulikuwa na Waafrika wa Natal waliopigana juu ya farasi upande wa Waingereza. Kati yao walikuwamo Wakristo wa Edendale, wakiongozwa na Simeon Kambule. Walisimama katika korongo pamoja na Kanali Durnford na kuizuia pembe moja ya Wazulu kwa muda. Risasi zilipopungua waliondoka kwa utaratibu, na baadaye Kambule alipewa nishani ya ushujaa. Kwa nini hawamo? Nadhani ni kwa sababu wangeiharibu hadithi. Hadithi ya picha hizi ni nyeupe upande mmoja na nyeusi upande wa pili. Mtu mweusi juu ya farasi, mwenye bunduki ya Waingereza na kitabu cha nyimbo mfukoni, angemfanya mtazamaji aulize maswali, na picha ya kutuliza aibu haitaki maswali. Kwetu sisi pia swali lake ni zito, maana lazima tuulize kwa nini Mwafrika alipigana na Mwafrika. Lakini swali zito ni bora kuliko jibu jepesi.

Usidhani, kwa maneno haya, kwamba Mzulu hakupata kuchorwa uso hata kidogo. Cetshwayo alikamatwa Agosti 1879. Mwaka 1882 alipelekwa London, akaonana na Malkia Victoria, na malkia akamwagiza mchoraji Carl Sohn amchore. Picha hiyo imo katika hazina ile ile yenye picha ya Lady Butler. Hapo mfalme ana uso kamili, mtu wa heshima na fikira, na waweza kumtazama machoni. Basi linganisha picha hizo mbili za nyumba moja. Katika ile ya vita Mzulu ni kivuli. Katika hii ni mtu. Tofauti ni nini? Alipewa uso baada ya kunyang'anywa mkuki. Sijui funzo lililo wazi kuliko hilo.

Je, tufanye nini na picha hizi? Wako wanaosema zichomwe au zifichwe. Mimi sisemi hivyo. Kuchoma picha ni kuchoma ushahidi, na ufundi wake waweza kumfaa mchoraji yeyote, hata yule atakayechora kinyume chake. Wako wengine wanaosema sanaa ni sanaa, tutazame rangi tuache siasa. Hao nao siwakubali, kwa kuwa mchoraji mwenyewe hakuacha siasa; aliiweka mahali alipochagua kusimama, kisha akaifunika kwa rangi nzuri. Njia ya tatu ni ngumu kidogo: kusifu kinachostahili sifa na kuuliza kinachostahili kuulizwa, mbele ya picha ile ile, kwa moyo mmoja.

Tena iko njia ya nne, nayo ni kuchora. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Peder na Ulla Gowenius kutoka Sweden walianzisha kituo cha sanaa cha Kanisa la Kiluteri, na kituo hicho kikakaa pale pale Rorke's Drift. Mahali palipokuwa na ukuta wa magunia pakawa mahali pa kufuma mazulia ya ukutani na kuchonga picha za kupigwa chapa, na Waafrika waliotoka sehemu nyingi za kusini wakaja kujifunza. Mmoja wao alikuwa John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 na kukaa Namibia, akasoma hapo tangu 1967 hata 1969. Mwaka 1981 alichonga picha yake ya vita vya Rorke's Drift juu ya linoliamu, kitu kile kile kinachotandikwa sakafuni.

Namna hiyo ya kazi haina rangi za kupendeza. Mchongaji hukata, hupaka wino mweusi, hukandamiza karatasi, na kinachobaki ni nyeusi na nyeupe. Katika kazi za Muafangejo watu hupangwa bapa juu ya karatasi, hakuna aliye mbali akawa mdogo wala aliye karibu akawa mkubwa kwa ajili ya kumpendeza mtazamaji, na mara nyingi huchonga maneno ndani ya picha, ili msemaji asijifiche. Mwingereza na Mzulu wanatoka katika kisu kimoja na wino mmoja. Mtu aliyezoea ustadi wa de Neuville huenda akacheka, aseme hii ni kazi ya mtoto. Asifanye haraka. Mchoraji huyu hakuwa Mzulu wala Mwingereza, na hakusimama ndani ya ukuta wala nyuma ya mgongo wa mtu. Amesimama mahali ambapo pande zote mbili zinaonekana, na ametuambia waziwazi kwamba yeye ndiye anayesema.

Siku moja utaingia katika nyumba ya makumbusho, au utafungua kitabu cha historia, ukutane na picha ya vita: vya Wazulu, au vya nchi yetu wenyewe, au vya watu usiopata kuwasikia. Itazame kwanza kwa furaha, kwa maana kazi nzuri yastahili furaha. Kisha hesabu nyuso. Uliza mchoraji alisimama wapi, na moyo wake ulikuwa na nani. Uliza ni nani aliyekuwapo siku ile na hayumo. Mwisho jiulize wewe mwenyewe umesimamishwa wapi, na kama umeridhika kusimama hapo. Ukiona hujaridhika, sogea. Picha haina mikono ya kukushika.